Mwalimu Wooldridge na Mto wa Mwenzake

Silvanus Wooldridge ndiye aliyemfundisha Eli Pardoe kuchora, na hakuna siku iliyopita asijute. Yeye alikuwa mwalimu wa kuchora pale Temeford, mji mdogo wa soko ukingoni mwa Mto Teme. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akizunguka majumba ya watu wenye nafasi, mkoba begani, kuwafundisha mabinti zao kupaka rangi za maji. Mabinti walichora magofu, wakachora vikapu vya maua, wakaolewa, wakaacha. Yeye akahamia kwa wadogo zao. Si kazi mbaya, tusimwonee. Chai alipewa, keki alipewa, na mitaani watu walimvulia kofia wakamwita mwalimu. Lakini hata picha yake moja haikuwahi kutundikwa ukutani mwa nyumba ya maana, na hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, na mkewe Keziah alikijua kama alivyoijua sala ya chakula. Alitaka picha yake ya Mto Teme itundikwe sebuleni kwa Bibi Amphlett, kwenye jumba la Hollins Court, ukuta ule mkubwa unaotazamana na madirisha. Kila mwaka aliuchora mto ule, pale pale unapopinda chini ya kinu cha kusaga unga, penye daraja la mawe na mierebi iliyoinamia maji. Kila mwaka picha ilirudi nyumbani, ikaingia kwenye jalada la ngozi chini ya kitanda.

"Mto wote uko humu," Keziah alisema kila alipofagia. "Siku moja tutaamka tumefurika, mume wangu."

Huyo Eli alikuwa mtoto wa msaga unga wa kinu kile kile. Alikuja kugonga mlango akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, unga kwenye nyusi, mikono mikubwa kama makasia, akaomba afundishwe. Silvanus alicheka moyoni. Mikono ile ishike brashi? Akamkubali, hasa kwa kuwa baba mtu aliahidi unga.

Akamwonyesha yote, bila kuficha, maana humfichi mtu usiyemhofia. Akamwonyesha namna ya kulowesha karatasi na kuibandika kwenye ubao ili isijikunje. Akamwonyesha namna ya kuliacha povu la maji liwe karatasi yenyewe, kwa sababu mchoraji anayejiheshimu hapaki rangi nyeupe. Akamwonyesha kuiokota rangi iliyozidi kwa chembe za mkate mkavu. Kisha akamwonyesha anga ya asubuhi: rangi ya nili, ukaitia udongo mwekundu kidogo tu, ikatoka ile buluu ya kijivu ya saa kumi na mbili, kabla jua halijaamua kama litatoka.

"Ila nili ina tabia yake," akamwonya. "Haipendi jua. Ukiianika inakukimbia kidogo kidogo, unabaki na ule udongo mwekundu. Picha yenye nili ifiche gizani kama jibini."

"Sasa picha ya kufichwa gizani ataiona nani, mwalimu?"

"Utaiona wewe. Nyamaza, koroga."

Miaka miwili baadaye Eli alichora picha ya mpindo ule ule wa mto. Aliileta akiwa ameifunga kwa gunia la unga, akaiegemeza kwenye kiti, akarudi nyuma hatua mbili. Silvanus alitazama. Jamani, maji yale yalikuwa yanakwenda! Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, mierebi haijaamka vizuri, na anga ilikuwa imeloa. Silvanus alikohoa. Akasogea karibu, akakohoa tena.

"Daraja umelipindisha," akasema.

Halikupinda. Eli alilitazama daraja lake muda mrefu, kwa adabu, akasema ahsante, mwalimu, atalirekebisha. Usiku ule Silvanus hakula.

Mwaka huo huo Kapteni Amphlett, mume wa Bibi Amphlett, akafa. Alikuwa mvuvi wa fimbo na ndoana, mtu wa kutoka alfajiri na kushuka mpindoni, akarudi na samaki wawili na homa. Homa ya mwisho ndiyo iliyomchukua. Mjane wake, baada ya miezi ya nguo nyeusi, akatangaza kwamba anataka picha ya mto sebuleni, mpindo ule wa mumewe, na iwe asubuhi. Nani angeichora zaidi ya Mwalimu Wooldridge, aliyekwenda Hollins Court kila Alhamisi kumfundisha binti wa nyumba, Letitia? Silvanus akachora wiki sita. Akapeleka, shati jipya, viatu vinang'aa. Akakuta ya Eli imeshafika. Msaga unga alikuwa ameipeleka pamoja na magunia.

Bibi Amphlett akaziweka zote mbili kwenye makochi. Chai haikuwahi hata kupoa.

"Mwalimu, yako ni nzuri sana," akasema.

Hapo Silvanus akajua kwisha habari yake. Ukianza kuambiwa yako ni nzuri sana, ujue ya mwenzio imeshachukuliwa.

"Lakini hii ya Pardoe," mama wa watu aliendelea, na sauti ikamkatika, "nikiitazama nasikia baridi ya maji miguuni. Namwona anashuka na fimbo yake."

Kwenye picha hapakuwa na mtu. Silvanus alihakikisha, akakagua ukingo wote. Palikuwa na maji, ukungu na anga, na bado mjane alimwona mumewe.

Nyumbani, Keziah alisikiliza mpaka mwisho huku akikata nyama ya nguruwe ya chumvi.

"Mwanafunzi wako amechaguliwa," akasema. "Wengine wangeona fahari."

"Fahari? Amenizunguka!"

"Amekuzunguka vipi na mlango alipita wa mbele? Mwenye wivu ajinyonge, Silvanus, lakini asitumie kamba yangu ya kuanikia."

Alisema kwa utani, akamtazama, akaona utani haukufika. Mume wake alikuwa amekaa na mikono mapajani, uso umekuwa wa kijani kama maji ya bwawa la kinu.

Basi Alhamisi iliyofuata ndipo shetani alipompa nafasi, tena kwenye sinia. Silvanus aliingia Hollins Court akamkuta Bibi Amphlett ukumbini na picha ya Eli, imeshawekwa kwenye fremu ya dhahabu, na mtumishi ameshika nyundo. Alitaka kuitundika kwenye ujia wa ngazi, penye kiza, zilipokuwa zile picha walizochora shangazi zake mwaka wa 1847, kila moja na kitambaa chake cha kijani cha kuifunika. Ndivyo nyumba zote za heshima zilivyofanya na rangi za maji. Watu wale mapazia huyashusha jua likitoka, hata zulia hulionea huruma.

"Wewe unasemaje, mwalimu? Hapa itakaa salama?"

Neno moja tu lilihitajika. Ndiyo, bibi, hapa hapa. Silvanus alifungua kinywa alitoe.

"Hapa utaiua, bibi," akasema. "Picha ya asubuhi inataka asubuhi. Itundike sebuleni, ukuta ule unaotazama madirisha. Na pazia la pale wasilishushe. Mwanga ndio unaoipa uhai."

Alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa tulivu. Ndio ukuta wake ule! Ukuta aliouota miaka ishirini, kaugawa kwa mkono wake. Lakini aliugawa kama mtu anayempa mgeni kiti kibovu. Bibi Amphlett akamshukuru, akamshika mkono, akasema si walimu wengi wangemtakia mema mwanafunzi namna ile.

Eli, kwa barua ya sifa ya Bibi Amphlett, akaenda London. Huko nako, habari zikaja, wakampenda.

Na Silvanus akaanza kungoja. Kila Alhamisi alimkalisha Letitia pembeni ya dirisha, akamwekea bakuli la matofaa achore, kisha yeye akageuza kiti kidogo, aione. Jua liliingia saa tatu, likatembea ukutani, likaikalia ile picha mpaka adhuhuri. Mwaka wa kwanza hapakuwa na kitu. Wa pili, wingu moja la juu likapauka, na Silvanus akarudi nyumbani akala kwa hamu, akaomba hata pombe ya tofaa. Wa tatu, buluu ya ukungu ikaanza kukimbia, na chini yake wekundu ukachungulia. Wa nne Letitia, ambaye macho yake yalikuwa yamefunguka kwa mafunzo ya mwalimu mwenyewe, akaacha brashi.

"Mwalimu, hivi anga ile ilikuwa nyekundu tangu zamani?"

"Macho yako yamekua, Bi Letitia. Zamani hukuona vizuri."

Hasidi hana sababu, wanasema waliomwona. Huyu alikuwa nayo, akaifuga, akailisha kila Alhamisi. Alikuwa akisubiri siku Bibi Amphlett atakapoitazama picha ile na kusema, hii imeoza, iondoeni. Na hapo, nani angeitwa kuziba pengo? Jalada la chini ya kitanda lilikuwa na mito ishirini, yote buluu, haijawahi kuonja jua.

Siku hiyo haikuja. Mwaka wa sita akaja kasisi mpya, mtu wa maneno mengi, akasimama mbele ya picha, kikombe mkononi, akasema, "Loo! Machweo gani haya!"

Silvanus alimwagikiwa na chai.

"Ni asubuhi," alisema Bibi Amphlett, lakini kwa shaka.

"Asubuhi, bibi? Tazama wekundu ule. Hiyo ni jioni ya Septemba, wachumaji wa matofaa wamerudi makwao. Nimekaa hapa miezi mitatu tu, lakini machweo nayajua."

Basi ikawa hivyo. Watu wa Temeford na vijiji vyake wakaanza kuletwa Hollins Court kuona jioni ya Pardoe. Dada wa kasisi alilia. Daktari alisema hajawahi kuona wekundu mtulivu vile, kama makaa yanayolala. Kweli, na hili ndilo lililomtafuna Silvanus mpaka mfupa: picha ilikuwa imekuwa nzuri tena. Nzuri kwa namna nyingine, lakini nzuri. Alikuwa ameiua akakuta imefufuka imevaa nguo za sikukuu.

"Hata ikifa inapendeza!" alimfokea Keziah, ambaye hakujua anafokewa kwa nini. "Mtu huyu nimfanyeje?"

"Mtu gani?"

"Hakuna mtu. Lete mkate."

Mwaka wa nane Eli akarudi kumzika baba yake. Alikuja kwa gari moshi, koti zuri, mikono ile ile. Bibi Amphlett akamwalika chai ya alasiri, na akamwalika na mwalimu wake pia, kwani ingekuwaje mwalimu aachwe? Silvanus alikaa kwenye kiti cha mgongo mgumu, keki imemkauka mdomoni. Akamtazama Eli akiingia sebuleni, akisalimia, akitabasamu, kisha akiinua macho ukutani.

Tabasamu halikuondoka. Lilibaki pale bila mwenyewe. Eli alitazama picha, akatazama madirisha mapana, akatazama pazia lililofungwa juu kwa kamba. Halafu, polepole, akamtazama mwalimu wake. Eli angesema neno moja tu hapo, na mwalimu wa kuchora Temeford angekuwa amekwisha. Nani angemwachia binti yake mtu wa namna ile?

"Bwana Pardoe, uniamulie," alisema Bibi Amphlett, naye alikuwa amekaa mbele kwenye kiti, kama anayesubiri jibu la daktari. "Mimi ningeapa niliomba asubuhi. Ningeapa uliniletea asubuhi, asubuhi yake yeye. Lakini wote wananicheka, na kweli nikitazama naona jioni. Nimezeeka, nachanganya mambo. Ni saa ngapi pale?"

Eli aliiacha picha, akamtazama mama wa watu.

"Jioni, bibi," alisema Eli. "Ilikuwa jioni nzuri."

"Ahaa. Basi." Mama wa watu akarudi nyuma kitini, akatabasamu kidogo. "Basi nilisahau."

Walitoka pamoja, mwalimu na mwanafunzi, wakashuka njia ya changarawe bila neno mpaka langoni. Silvanus ndiye aliyeshindwa.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Ningesema kweli, angeuliza nani aliyeitundika pale." Eli hakuinua sauti. "Nami sikutaka kusikia jina, mwalimu. Nililijua."

"Nani amekuomba huruma?"

"Hakuna. Ulinifundisha bure baada ya unga wa baba kwisha. Hukumbuki? Mwaka mzima. Mimi nakumbuka." Akavaa kofia. "Nisalimie Mama Keziah."

Akaenda zake kinuni. Silvanus akabaki ameshika mti wa lango. Tusiseme alitubu, maana hakutubu. Alichokisikia kilikuwa kile kile cha miaka yote, ila sasa kimevimba: mtu huyu amemshinda kwa brashi, amemshinda London, na sasa amemshinda hata kwa roho! Kumlindia siri, kama mtu anavyomfunika mlevi koti! Hilo hakuweza kulibeba. Deni la huruma kwa mtoto wa msaga unga, alilale nalo kila siku mpaka kaburini? Thubutu!

Kesho yake asubuhi, siku ambayo si ya somo, akaenda Hollins Court. Akaingia sebuleni bila kungoja kutangazwa, akaitoa picha ukutani, akailaza kifudifudi mezani. Bibi Amphlett na Letitia walikuja mbio wakamkuta anachomoa misumari ya fremu kwa kisu chake cha kuchongea penseli.

"Mwalimu Wooldridge! Umepatwa na nini?"

"Njoo uone, bibi."

Alitoa ubao wa nyuma, akaigeuza, akaondoa kioo, kisha ile kadi nene inayozunguka picha na kuifunika pembeni. Chini ya kadi, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, palikuwa na ukanda wa anga, haufiki upana wa kidole. Ulikuwa buluu. Buluu ya kijivu, iliyoloa, ya saa kumi na mbili asubuhi.

Bibi Amphlett aliuweka mkono kifuani. Kisha akagusa pale, kwa ncha ya kidole.

"Ilikuwa asubuhi," akasema. "Sikuchanganya."

"Hukuchanganya, bibi."

"Ndiyo saa aliyokuwa akitoka. Akinibusu nimelala, nikisikia mlango." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Halafu akakumbuka, na uso ukabadilika. "Wewe ndiye uliyesema itundikwe pale. Na pazia wasilishushe. Hukujua?"

Mlango wa kutokea alikuwa amefunguliwa. Sikujua, bibi, nisamehe, nao wangempa chai.

"Nilijua. Nili ni mimi niliyemfundisha."

"Sasa kwa nini?"

"Wivu, bibi," alisema Silvanus Wooldridge.

Letitia aligeuka dirishani. Mama yake akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Letitia hatakuwa na somo Alhamisi, wala Alhamisi nyingine yoyote. Silvanus akainama, akachukua kofia yake. Lakini miguu haikutoka. Alisimama palepale kando ya meza, anautazama ukanda ule, mpaka Bibi Amphlett alipomwambia mara ya pili aondoke.

Nyumbani alimsimulia Keziah yote, tangu ngazi na nyundo mpaka kisu cha penseli. Keziah alikaa chini katikati ya maneno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mpaka Jumapili mji mzima utajua," akasema. "Kina Lechmere na mabinti zao watakuacha. Na kina Baldwyn."

"Wataniacha."

"Basi angalau umelitapika. Limekutoka?"

Silvanus alikuwa ameshalivuta jalada la ngozi kutoka chini ya kitanda, anageuza mito yake mmoja mmoja, ishirini na zaidi, mizima, mibichi, buluu tupu.

"Unajua niliona nini pale mezani, Keziah? Mama wa watu analia mbele yangu. Nimemwibia asubuhi ya mumewe miaka minane. Nami badala ya kuona haya, natazama ule ukanda, nasema moyoni, mbona mimi sijawahi kuipata buluu ile?" Akalifunga jalada. "Wivu haujanitoka. Umezidi."

Keziah aliinuka akaenda kuangalia kama unga utawafikisha Jumapili.